Barua kutoka zizini: dume mzito, jeni na futikamba

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: uzito wa ng'ombe wetu wa asili na habari za vinasaba zinazozagaa vijijini. Nimefanya kazi ya kupima na kuzalisha ng'ombe hawa kwa miaka mingi, zaidi Dodoma na Singida, na suala hili naliweka moyoni kuliko mengine yote ya ufugaji. Ndiyo maana barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu.

Shikamoo mama. Mimi ni mfugaji wa Kongwa, nina ng'ombe 60 wa asili. Mwaka jana walikuja vijana wa utafiti, wakang'oa singa za mikia ya ng'ombe 12, wakaondoka nazo. Walisema wanatafuta jeni ya uzito. Jirani zangu wanasema jeni hiyo imeshapatikana Ulaya. Nauliza: ikionekana kwa dume wangu mmoja, si nitamwacha huyo peke yake apande, ndama wote wawe wazito? Madume wangu wakifika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, hawazidi kilo 250.

Marahaba, ndugu yangu. Jeni ya uzito, kwa maana ya moja inayoamua dume awe mkubwa au mdogo, haipo. Zipo nyingi mno, na kila moja inaongeza au kupunguza kidogo. Mwaka 2018 watafiti wa nchi kadhaa waliunganisha takwimu za ng'ombe 58,265 kutoka makundi 17 ili kujua ni sehemu zipi za vinasaba zinaamua kimo cha ng'ombe. Walipata sehemu 163. Ukizijumlisha zote, hazikueleza zaidi ya asilimia 13.8 ya tofauti ya kimo kati ya mnyama na mnyama. Na kimo ni rahisi kuliko uzito, kwa sababu kiangazi hakimpunguzii ng'ombe urefu wa miguu, lakini nyama kinamvua.

Jirani zako hawakusema uongo. Sehemu zenye nguvu zipo. Inayojulikana zaidi ipo kwenye kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) ya 14, karibu na jeni iitwayo PLAG1. Ilielezwa vizuri mwaka 2011 kwa ng'ombe chotara wa Holstein na Jersey, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, na eneo hilohilo likaonekana baadaye kwa Nellore wa Brazil, ambao ni zebu wenye nundu kama wa kwetu. Nyingine ipo kwenye kromosomu ya 6, karibu na jeni ziitwazo NCAPG na LCORL. Lakini angalia upande wa pili. Huko Australia, herufi ya PLAG1 (vinasaba husomwa kama herufi za maandishi) inayoongeza ukubwa ilihusishwa pia na kuchelewa kubalehe. Mtamba anayechelewa kubalehe amekula malisho yako msimu mzima wa ziada kabla ya kukupa ndama. Kwa mwenye shamba la majani mengi, hiyo ni hesabu anayoiweza. Kwa Kongwa, ambako mvua ni msimu mmoja na kiangazi kinakula nusu ya mwaka, mimi nisingeikimbilia.

Kuna jambo jingine. Herufi inayoonekana na mashine mara nyingi si yenyewe inayoongeza uzito. Ni jirani wa ile inayofanya kazi, zinarithishwa pamoja kwa sababu zimekaa karibu. Kwa Holstein, jirani huyo anaweza kuwa upande wa uzito. Kwa zebu wako, ambaye ukoo wake uliachana na ule wa Ulaya zamani kabla ya ng'ombe kufugwa, jirani huyohuyo anaweza kuwa upande wa wepesi, au asiwe na maana yoyote. Kwa hiyo matokeo ya kwao huwezi kuyahamishia kwenye zizi lako kama unavyohamisha dawa ya kupe. Lazima yatafutwe upya kwa ng'ombe wetu wenyewe: Singida Weupe, Iringa Wekundu, wa Wagogo, wa Wamaasai, Ankole wa Kagera.

Na hapa ndipo panaponiuma. Vijana walichukua singa zako 12. Vizuri. Natumaini walizing'oa na shina lake, maana vinasaba vipo kwenye kile kitone cheupe mwisho wa unywele, singa iliyokatwa kwa mkasi haina kazi kubwa. Je, walimpima kila ng'ombe uzito? Walikuuliza amezaliwa mwezi gani, mama yake ni yupi, dume aliyempanda mama ni yupi? Kama hawakuuliza, wameondoka na nusu ya kitabu. Maabara inasoma herufi kwa siku chache. Uzito na tarehe haviwezi kusomwa kwenye unywele, vinatoka kwako tu.

Nitakusimulia kosa langu. Nikiwa bado mgeni kazini tulikwenda kijiji kimoja cha Dodoma kuchagua madume wadogo wa kuachwa kwa mbegu. Tulifika alfajiri, kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Nilipitisha utepe kwa ndama dume tisa, mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliwazidi wenzake mbali. Kifua kipana, manyoya yanang'aa, nundu imeanza kusimama. Nikasema huyu ndiye. Wenzake tukawahasi. Tulipokuwa tunafunga vifaa, bibi wa boma lile, aliyekuwa amekaa pembeni na kibuyu cha maziwa, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, huyo si ndiye aliyezaliwa mvua za kwanza, Desemba? Hao wengine ni wa Aprili na Mei." Miezi minne hadi mitano ya tofauti. Mama yake alikula majani mabichi wakati wa kunyonyesha, mama za wenzake walitafuna mabua. Niliupima msimu nikadhani nimepima damu. Wale wanane walikuwa wameshahasiwa, na huenda aliye bora kuliko wote alikuwa miongoni mwao. Tangu siku hiyo sijawahi kumlinganisha ndama na ndama bila tarehe.

Kwa hiyo nikuambie unachoweza kufanya bila kusubiri majibu ya maabara. Katika tofauti za uzito unazoziona ndani ya kundi moja linalotunzwa sawa, kwa kawaida asilimia kati ya 20 na 40 hutokana na urithi. Hiyo si kidogo. Ina maana ukichagua dume kwa haki, yaani kwa kumlinganisha na wenzake wa rika moja, wa msimu mmoja, waliokula pamoja, watoto wake watabeba sehemu ya ule ubora. Nunua daftari. Kila ndama mpe namba ya hereni au jina, andika tarehe ya kuzaliwa, mama, na dume kama unamjua. Pima akiachishwa kunyonya na akifikisha mwaka. Baada ya misimu miwili utajua dume gani anakuzalia ndama wazito, na siku vijana wa utafiti watakaporudi, daftari lako litakuwa na thamani kubwa kwao. Waombe nao wakuletee majibu. Ni haki yako, ng'ombe ni wako.

Shikamoo mwalimu. Ninasoma sayansi ya wanyama Morogoro. Kwa utafiti wangu wa mwisho nina sampuli 90 za zebu: nusu kutoka vijiji vya Singida, nusu kutoka ranchi moja yenye damu ya Boran (zebu mkubwa wa nyama). Nitatumia chipu ya maabara inayosoma alama 50,000 za vinasaba kutafuta tofauti zinazohusiana na uzito. Msimamizi anasema nisitegemee mengi. Nimevunjika moyo.

Marahaba kijana wangu. Usivunjike moyo, ila msikilize msimamizi.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi. Alama 50,000 ni majaribio 50,000. Ukikubali kila tokeo lenye uwezekano wa asilimia 5 wa kutokea kwa bahati tu, utapata alama 2,500 "zinazohusiana na uzito" hata kama hakuna moja yenye ukweli. Ndiyo sababu kipimo kinakazwa: asilimia 5 unaigawa kwa 50,000, unabaki na moja kwa milioni. Kwa ng'ombe 90, ni tofauti yenye nguvu kubwa sana tu ingeweza kuvuka ukuta huo, na nimeshaeleza hapo juu kwamba nyingi zina nguvu ndogo.

Kinachonitia hofu zaidi ni mgawanyo wa sampuli zako. Ng'ombe wa ranchi ni wazito kwa sababu wanakula vizuri, wanaogeshwa kwa wakati, na wana Boran ndani yao. Ng'ombe wa kijijini ni wepesi kwa sababu zilizo kinyume cha hizo. Basi kila alama inayotofautisha Boran na zebu wa Singida itajitokeza kwako kama alama ya uzito. Utachora picha nzuri yenye vilele virefu, na vilele hivyo vitakuwa vinasema tu "huyu ametoka ranchi". Changanua kila kundi peke yake, au ingiza ukoo na mahali kwenye hesabu. Ingiza pia jinsia, umri, na mwezi wa kuzaliwa. Kumbuka vilevile kwamba alama za chipu nyingi zilichaguliwa kwa kuangalia zaidi ng'ombe wa Ulaya. Baadhi yake kwa zebu hazitofautiani kabisa, ng'ombe wote wana herufi ileile, na alama isiyotofautiana haikuambii lolote.

Ningekuwa wewe, ningebadili swali. Eleza ukoo: ng'ombe wa Singida wana Boran kiasi gani, wamekaribiana kidamu kiasi gani. Kwa hilo sampuli 90 zinakupa jibu la kweli. Uzito uweke kwenye kiambatisho, umeandikwa kwa uangalifu, mnyama kwa mnyama, ili mwenzako atakayekuja na sampuli 500 aunganishe na zako. Siku Tanzania itakapokuwa na ng'ombe wa asili 5,000 waliopimwa kwa njia moja, tutakuwa na la kusema kuhusu jeni zao. Kila mwanafunzi anayepima kwa uaminifu anatusogeza huko.

Mama, nimeona video ya ng'ombe wa Ubelgiji mwenye misuli kama ameingizwa hewa. Wanasema ni jeni tu. Mbegu zake zikiletwa, tuzitumie kwa zebu wetu?

Huyo ni Belgian Blue, na kwake kweli ni jeni moja. Inaitwa myostatini, ipo kwenye kromosomu ya 2, na kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Mwaka 1997 ilionekana kwamba kwa ng'ombe hao herufi 11 za jeni hiyo zimedondoka, breki ikakatika, misuli ikaongezeka bila kizuizi.

Usitumie. Huko kwao zaidi ya ndama 9 kati ya 10 wa damu safi huzaliwa kwa kupasuliwa mama, na daktari yuko karibu. Jike wetu wa zebu ana kilo 200 na kidogo, ana nyonga nyembamba, na anazalia porini. Chotara hupokea nakala moja tu ya jeni hiyo kwa hiyo hawi mkubwa kama baba, lakini siwezi kumshauri mfugaji aweke roho ya ng'ombe wake rehani kwa sababu ya video. Ukitaka mwili, muulize afisa mifugo wako mbegu za Boran kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, au tafuta dume wa Mpwapwa. Huyo alizalishwa Mpwapwa kwa kuchanganya zebu wetu, Boran, Sahiwal na Red Sindhi, kwa ajili ya ukame huohuo wa Dodoma.

Salamu daktari. Niko Busia, Kenya. Nilipandisha zebu wangu na Friesian ili nipate ndama wazito. Walizaliwa wakubwa, lakini watatu kati ya watano wamekufa kabla ya miezi sita. Wa zebu mtupu wanaendelea kuishi. Nimekosea wapi?

Pole sana, ndugu. Ndama watatu ni msiba kwa mfugaji, najua.

Dalili hukuziandika, lakini kwa eneo lako mshukiwa wa kwanza ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe: tezi za chini ya sikio na za begani zinavimba, homa, ndama anapumua kwa shida, mwisho povu puani. Ukiona tena, mwite mtaalamu siku hiyohiyo. Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2007 hadi 2010, ulifanyika utafiti wa kufuatilia ndama 548 tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja. Ndigana kali ndiyo iliyoongoza kwa kuua. Na jambo linalokuhusu wewe hasa: ndama waliokuwa na damu ya Ulaya nyingi zaidi ndio walioumwa zaidi. Uzito wa kuzaliwa uliuona, kinga hukuiona, kwa sababu kinga haionekani mpaka kupe aingie.

Hili pia lipo kwenye vinasaba. Mwaka 2022 ilitangazwa tofauti katika jeni iitwayo FAF1B, iliyofuatiliwa kwenye ukoo wa fahali mmoja wa Boran. Ndama walioirithi kwa baba na kwa mama walistahimili ndigana kali vizuri zaidi kuliko wenzao. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko jeni yoyote ya uzito iliyopatikana mpaka leo, maana ndama aliye hai mwenye kilo 90 anamzidi aliyekufa akiwa na kilo 120.

Hukukosea kutaka ndama mkubwa. Kilichokosekana ni ulinzi. Chotara waliobaki wachanje dhidi ya ndigana kali. Ile chanjo ni ya vimelea hai vinavyodungwa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu, kwa hiyo lazima ifanywe na mtaalamu. Waogeshe au wanyunyizie dawa ya kupe kwa ratiba, na sikio la ndani usilisahau, ndipo kupe wa ndigana wanapopenda kukaa. Zebu wako watupu wapandishe kwa zebu au Boran.

Naomba jibu fupi: dume wangu mzuri ana miaka minne kwenye kundi. Apande mitamba aliyoizaa mwenyewe?

Hapana. Mbadilishe na dume wa kijiji cha mbali kabla mitamba hiyo haijaanza kuingia joto. Kuzaliana ndani ya ukoo kunapunguza uzito na uzazi taratibu, na utakuja kuyalaumu majani.

Shikamoo mama. Mimi ni mjane, Iramba, nina ng'ombe saba. Nina ndama dume wawili. Wa kwanza kazaliwa mwanzoni mwa Januari, mama yake keshazaa mara nne. Wa pili mwanzoni mwa Februari, mama yake ni uzao wa kwanza. Mnunuzi anamtaka mmoja, na anasema anichagulie yeye, atachukua mdogo aniachie mkubwa wa mbegu. Sina mzani. Nimewapima na futikamba ya kushonea mwanzoni mwa Mei. Wa kwanza kifua sentimita 82, urefu 75. Wa pili kifua 78, urefu 73. Nimwache yupi?

Marahaba mwanangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu umeleta tarehe, mama, na vipimo.

Nianze na namna ya kupima, ili tuwe na uhakika. Futikamba ipite nyuma ya nundu na nyuma ya miguu ya mbele, isipande juu ya nundu. Ikaze iguse ngozi lakini isibane. Urefu ni kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kalio. Ndama asimame sawa, kichwa mbele, asubuhi kabla ya kunywa maji. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha tena kwa urefu, kisha gawa kwa 10,838. Ndama wa kwanza: 82 mara 82 ni 6,724, mara 75 ni 504,300, ukigawa unapata kilo 46 na nusu. Wa pili: 78 mara 78 ni 6,084, mara 73 ni 444,132, unapata kilo 41. Kanuni hii haikutengenezwa kwa zebu, kwa hiyo inaweza kukosea kilo kadhaa, lakini kwa kulinganisha ndama wawili waliopimwa na mkono mmoja inatufaa.

Sasa tuseme wote walizaliwa na kilo 18, kiasi cha kawaida kwa zebu. Wa kwanza ameongeza kilo 28 na nusu kwa siku kama 120, yaani gramu 238 kwa siku. Wa pili ameongeza kilo 23 kwa siku kama 90, gramu 256 kwa siku. Unaona? Yule mdogo ndiye anayekua haraka. Na anafanya hivyo akinyonya mama wa uzao wa kwanza, ambaye kwa kawaida ana maziwa machache kuliko aliyezaa mara nne. Mnunuzi ana jicho zuri. Huenda hata yeye ameliona.

Tofauti ya gramu 18 ni ndogo, futikamba ikiteleza sentimita moja inabadilika. Kwa hiyo usiuze wala usimhasi yeyote sasa hivi. Mwambie mnunuzi arudi Septemba. Ndama wa kwanza mpime mwanzoni mwa Agosti na wa pili mwanzoni mwa Septemba, wote wakiwa na miezi saba, kisha niandikie namba hizo nne. Kama ni lazima uuze kabla ya hapo kwa sababu ya ada au matibabu, muuze yule mkubwa.